Vijiti Vitatu vya Kiberiti

Maseru,
Jumapili, tarehe 15 Februari.

Ntate, baba yangu mpendwa, Motaung wa ukoo wa simba,

Khotso, amani, Ntate. Nakusalimu kwa mikono miwili, na ningekusalimu nikiwa nimesimama kama barua zingeandikwa kwa kusimama. Natumaini goti la kushoto limepoa tangu mvua zipungue, na kwamba zile soksi za sufu nilizokuletea unazivaa wewe na hukumtandikia mbwa aliyezaa. Kifua cha Mme, mama yetu, kinaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe, amemzoea mkamwana wetu au bado anamwamkia kwa teke kila asubuhi? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Moyo ndio mzito, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua umenikasirikia. Tangu harusi ya ndugu yangu Motlalepula nimepiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Mme ananiambia uko zizini. Ntate, hakuna mwanamume katika Lesotho nzima aliyewahi kukaa zizini muda mrefu hivyo bila kuota pembe. Nimeamua kuandika kwa sababu barua unaziheshimu. Simu unaiona ni kama mtu anayekusemesha akiwa amejificha nyuma ya ukuta, lakini barua unaifungua kwa kisu, unaisoma mara mbili na kuiweka kwenye bati la biskuti. Nakuomba hii nayo uisome mara mbili kabla ya kuitupa motoni, kama utaamua kuitupa.

Habari ndogo ndogo kwanza. Chumba changu nimekipaka rangi. Yule jirani wa kanisani anayepiga tarumbeta amehama, namshukuru Mungu na nawaonea huruma watu wa huko alikohamia. Motlalepula alikuja juzi kuchukua blanketi za wakwe zake, na ndiye atakayekuletea barua hii. Alikula nyama yangu yote ya wiki na kunipa habari za nyumbani. Anasema basi sasa linawashusha watu ng'ambo ya mto na kila mtu anavuka daraja kwa miguu, mmoja mmoja. Sufu ya mwaka huu ilivushwa kwa punda, robota moja moja, mpaka punda wakagoma. Duka la Ha Sekhobe halina parafini. Anasema vijana wametunga wimbo kuhusu binti aliyemnyang'anya baba yake filimbi akaimeza, kwamba wewe umepiga marufuku usiimbwe mbele yako, lakini shangazi 'Masefako anauimba kila akifua, tena anaongeza beti.

Akanieleza pia kwamba watu wakikuuliza habari za daraja unawajibu kwa neno moja: serikali haijui kusoma. Kwamba uliiandikia mara tatu katika miaka mitatu na hukupata hata mstari. Hapo niliisukuma sahani yangu kwake. Nitalirudia hilo baadaye. Naomba uniache nifike nalo kwa mwendo wangu.

Nianze na siku ya harusi, kwa sababu wewe uliiona ukiwa juu ya daraja na mimi niliiona nikiwa chini yake, na hatujawahi kuhadithiana.

Wewe ulikuwa mbele, umevaa blanketi lenye michoro ya mahindi, filimbi mdomoni. Nyuma yako wanaume arobaini wa Ha Sekhobe, mabuti meupe ya mpira miguuni, fimbo mkononi. Upande wa pili wanawake wa kwao bibi harusi walikuwa wanaimba, wameapa kwamba hawataweka mguu kwenye daraja mpaka wimbo wetu uzimike. Nawe uliapa mbele ya watu wote kwamba tangu uzaliwe wimbo wa Ha Sekhobe haujazimwa na watu wa ng'ambo, na hautazimwa siku mwanao anapooa. Basi mohobelo, ngoma ya wanaume wetu, iliyokuwa ichezwe uani kwetu ikachezwa palepale darajani. Kosa hilo, Ntate, ni letu sisi tu. Watu wengine duniani wakifika darajani huvuka.

Mimi nilikuwa nimeteremka mtoni kuosha viatu, maana tope lilikuwa limevipanda mpaka vifundoni na 'Malebusa, mama yake bibi harusi, alikuwa ameshavitazama mara mbili. Nilisikia kitu kinadondoka majini. Nikadhani vijana wanarusha mawe. Kikadondoka tena, na tena, kila mara pamoja na kishindo cha miguu yenu. Nikainua macho. Yalikuwa maganda ya zege. Na pale boriti ya chuma inapolalia bamba lake juu ya nguzo ya pili, nikaona mwanga. Mlipoinua miguu, boriti ilinyanyuka. Mlipokanyaga, ilikaa. Mlipoinua, ikanyanyuka zaidi.

Wewe ulilijenga daraja lile ukiwa na miaka ishirini na mmoja, hunihitaji mimi nikufundishe. Lakini nakuandikia kwa sababu siku ile sikupata nafasi ya kueleza. Watu arobaini wakivuka ovyo ovyo si kitu, lori la sufu ni zito kuwashinda. Watu arobaini wanaopandisha mguu pamoja na kuushusha pamoja, kwa filimbi moja, daraja linawapokea kama nyundo moja. Linapigwa, linapigwa, mwishowe nalo linaanza kucheza. Na la kwetu lilikuwa limeshauchukua wimbo.

Nilipanda ule ukingo bila viatu. Nilikuita, hukunisikia. Niliwapungia mikono, na wale wanawake wakadhani nimekuja kuongeza mbwembwe, wakanipigia vigelegele. Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilikuchomoa filimbi mdomoni, mimi binti yako, mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji, mbele ya wanaume uliofanya nao kazi migodini. Nikapiga kelele kwamba kila mtu atoke mmoja mmoja, polepole, na yeyote atakayetembea kwa kufuatana mguu na mwenzake nitamsukuma mtoni kwa mkono wangu. Nakumbuka 'Malebusa akimwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe binti akisomeshwa sana anasahau nani alimlipia ada. Nawe ulijifunika blanketi mpaka kidevuni ukaondoka zako, ukipepesuka kidogo kwa lile goti, na mimi nikabaki na filimbi yako mkononi ikiwa bado na joto la mdomo wako.

Ntate, ile picha ya mgongo wako sijaipatia dawa. Naiona nikipika.

Jioni hiyohiyo, watu wakiwa kwenye joala, pombe ya mtama, na shangazi akimpa bibi harusi jina la kwetu, 'Maborokho, Mama Daraja, maana alisema mwanamke aliyeingia nyumbani siku kama hiyo hawezi kuitwa kitu kingine, mimi nilirudi mtoni peke yangu. Jua lilikuwa bado halijazama. Niliukwea ule ukuta wa mawe mpaka juu ya nguzo ya pili, mahali ulipokuwa unanipandisha nikiwa na miaka saba ili nione alama ya kiganja chako kwenye zege. Kiganja bado kipo. Lakini chini yake palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na vijiti vitatu vya kiberiti vimesimama bega kwa bega. Pembeni kwa penseli, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, palikuwa na tarehe tatu, kila mwaka na yake, pamoja na idadi ya vijiti. Mwaka wa kwanza kijiti kimoja, mwaka wa pili viwili, mwaka jana vitatu.

Mzee wa miaka sabini na zaidi, goti bovu, umekuwa ukipanda juu ya nguzo ile kila mwaka kupima ufa kwa vijiti vya kiberiti. Nilikaa pale nikalia mpaka ndege wa chini ya daraja wakahama.

Kesho yake nilirudi Maseru na kuandika ripoti, na wiki hiyohiyo daraja likafungwa kwa magari. Kwa hiyo unapowasikia watu wakimlaani yule mtu wa Maseru aliyeweka mapipa na mnyororo barabarani, wanamlaani Puseletso wako. Hilo nadhani umeshalikisia. Lililobaki hujalikisia, kwa sababu wewe hunidhanii vibaya, na sijui kama baada ya leo utaendelea hivyo.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Kila mwaka, kabla ya bajeti, ofisi yetu inapanga madaraja yote mabovu katika orodha, lenye hatari zaidi juu, lenye nafuu chini. Mwaka jana yalikuwa ishirini na sita na fedha zilitosha manne. Serikali, Ntate, inapenda kujenga kipya. Kipya kina utepe na mkasi na hema la wageni. Kukaza nati na kubadilisha mabamba chini ya daraja la zamani hakuna utepe, kwa hiyo kila kidogo kinachotengwa kwa matengenezo tunakigombania kama fisi. Orodha ile ndiyo inayoamua. Na kwa miaka minne iliyopita aliyeipanga ni mimi.

Barua za wananchi nazo zinakuja mezani kwangu. Sheria ya ofisi ni kwamba raia akiandika kuhusu daraja, mkaguzi aende akalione ndani ya mwezi mmoja, na raia ajibiwe.

Serikali inajua kusoma, Ntate. Ilisoma. Mimi ndiye niliyesoma.

Barua yako ya kwanza niliijua kabla ya kuifungua. Hakuna mtu mwingine anayepiga bahasha pasi. Tarehe ilikuwa imepigwa mistari miwili kwa rula. Hukutaja kwamba una mtoto ofisini. Uliandika kwa Mheshimiwa Mkuu wa Madaraja, kwamba wewe ni raia wa Ha Sekhobe uliyeshiriki kuchanganya zege la daraja husika, na kwamba kijiti kimoja cha kiberiti kinaingia kwenye ufa wa nguzo ya pili kwa shida kidogo. Ya pili ikasema vinaingia viwili bila shida. Ya tatu ikasema vitatu, na kwamba kidole chako kidogo nacho kinaingia mpaka kwenye kucha, nawe si mtu wa vidole vyembamba. Nilicheka peke yangu mezani, kisha nikaitia kwenye droo pamoja na zile mbili.

Nakuomba unisikilize kwa nini, hata kama sababu haifuti kosa. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alitengeneza barabara ya lami iliyoishia langoni kwa mama yake. Mpaka leo madereva wanaiita Barabara ya Kwa Mama, na yeye hawezi kuingia mgahawani bila mtu kumwuliza kama mama ameshapata taa za barabarani. Nilipopewa kiti nilijiapiza kwamba hakuna atakayenifanyia dhihaka hiyo. Barua yako ilipofika nikaona tayari watu wakicheka: Puseletso anakarabati daraja la baba yake, tena baba mwenyewe ndiye shahidi. Sikutuma mkaguzi. Nilijaza fomu nikiwa kitini, nikitazama picha ya miaka sita nyuma, nikaandika hali ya wastani. Mwaka uliofuata nikaandika hivyo hivyo. Mwaka wa tatu mkono ulisita, na bado ukaandika. Miaka yote mitatu daraja letu nililiweka la ishirini na kitu, na nilijiona mtu mwadilifu. Hilo la kujiona mwadilifu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na siku ile ya harusi, Ntate, hao watu arobaini walikuwa na majina. Aliyewaongoza ni wewe. Mmoja alikuwa Motlalepula.

Mme aliniambia kitu kwenye simu mwezi uliopita bila kujua anachoniambia. Nilimwuliza kwa nini hukuwahi kunigusia habari ya daraja, hata kwa simu, hata mara moja. Akasema ulikuwa umemkataza. Kwamba ulisema, "Mtoto akipata kazi ya watu wote, baba yake asimgeuze njia ya panya. Nitaandika kama watu wengine wanavyoandika, na nitajibiwa kama wanavyojibiwa." Wewe uliogopa kunivunjia heshima, mimi niliogopa kuchekwa, na kati ya woga wako na woga wangu ufa ukameza kijiti cha tatu. Lakini woga wako ulikuwa wa mapenzi, Ntate. Wangu sithubutu kuupa jina hilo.

Jumatatu iliyopita nilizitoa barua zako kwenye droo nikazipeleka kwa mkubwa wangu, Ntate Phafoli, nikamweleza kama ninavyokueleza. Alizisoma zote tatu. Akaniuliza kama ningefanya hivi kwa barua ya baba wa mtu mwingine. Nikasema hapana, ningekwenda wiki hiyohiyo. Akasema basi mzee huyu ameadhibiwa kwa kunizaa. Nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye orodha. Anaipanga sasa kijana anayeitwa Tello, mpole, hodari, hana ndugu hata mmoja upande wa kwetu. Atakuja Ha Sekhobe Alhamisi ijayo. Nimemwambia amtafute mzee mwenye penseli. Nakuomba umwoneshe nguzo ya pili, na nakuomba zaidi usipande wewe, mpandishe yeye.

Nisikudanganye kuhusu litakalofuata. Kama ningekwenda mwaka wa barua yako ya kwanza, tungebadilisha mabamba manne na kuishona nguzo, kazi ya wiki tatu, na magari yangeendelea kupita upande mmoja. Sasa Tello anahofia nguzo nzima imeinama, na nguzo ikiinama hakuna kushona. Ntate Phafoli anasema watajaribu kuleta daraja la muda la chuma kabla ya theluji. Kujaribu ni neno la ofisini, unalijua. Daraja la kudumu litapanga foleni kama mengine, na safari hii litapanga mahali pake halali. Kila punda anayevusha mzigo mpaka siku hiyo, na kila mara Mme anapokwenda zahanati kwa miguu na kifua kile, ni juu yangu. Sikuombi unitetee kwa watu. Ukitaka, wasomee barua hii pale dukani. Wana haki ya kujua.

Ninachokuomba ni kimoja, utoke zizini. Hata kama ni kuja kunigombeza. Jumapili ijayo nitapiga simu saa nne, ukimaliza kunywa chai. Ukinigombeza nitasikiliza mpaka salio liishe, kisha nitapiga tena.

Nisalimie Mme, mwambie dawa ya kifua ameibeba Motlalepula kwenye mfuko wa koti, asimwachie akaisahau. Nisalimie 'Maborokho na mwambie yule ng'ombe anapenda kuimbiwa kabla ya kukamuliwa, wewe hukumwambia kwa makusudi. Nisalimie shangazi, na mwambie wimbo wake una kosa, filimbi sikuimeza. Imo humu ndani ya bahasha, nimeifunga kwa kitambaa changu. Irudi kwa mwenyewe. Siku daraja jipya litakapofunguliwa, hata kama nitakuwa nimeshastaafu, uipige, na wanaume wa Ha Sekhobe wacheze juu yake mpaka mabuti yachanike. Mimi nitasimama chini.

Limebaki jibu lako. Ntate Phafoli ameagiza liandikwe na mkono uleule ulionyamaza. La ofisini litakufikia kwenye bahasha ya kahawia, lina muhuri. Hili ni langu, na nimepiga tarehe yake mistari miwili kwa rula.

Tarehe 15 Februari.

Kwa Ntate Ramoholi, raia wa Ha Sekhobe.

Barua zako tatu zilifika. Zilisomwa. Vipimo vyote ulivyotoa ni sahihi. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Mwanao,
Puseletso